Neno Moja la Kigeni, Dhana Nyingi: Maana na Matumizi ya ‘Stirrup’ katika Kiingereza na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Neno la Kiingereza ‘stirrup’ lilianza kama jina la kifaa cha mpanda farasi. Leo hutaja pia mfupa mmoja wa sikio, chuma kinachofunga nondo ndani ya zege, kiegemeo cha mguu katika kitanda cha hospitali na vitu vingine kadhaa. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, kwa upande wake, kwa kawaida hulipa neno hilo kisawe kimoja, yaani kikuku. Makala haya yanaeleza asili ya neno, yanabainisha njia tatu zilizopanua maana yake (umbo, kazi na desturi), na yanaonesha kwamba kila njia inadai mkakati wake wa kufasiri. Hoja kuu ni kwamba usanifishaji wa istilahi unadai dhana moja ipewe istilahi moja. Haudai neno moja la kigeni lipewe istilahi moja. Kuchanganya kanuni hizo mbili ni kosa dogo katika kurasa za kamusi, lakini linaweza kuwa kosa kubwa katika mwongozo wa ujenzi au kijitabu cha afya ya uzazi.

1.0 Utangulizi

Mfasiri wa Kiswahili akikabidhiwa mwongozo wa ujenzi, kijitabu cha huduma za uzazi na somo la biolojia kuhusu sikio, anaweza kukutana na neno ‘stirrup’ katika matini zote tatu. Akifungua kamusi, atapata kikuku, pengine pamoja na maelezo ya ziada kwamba ni kikuku cha kupandia farasi. Farasi hayumo katika matini yoyote kati ya hizo tatu. Mfasiri huyo anabaki na njia mbili: ama kuandika kikuku kila mahali na kumwachia msomaji mzigo wa kukisia, ama kubuni neno lake mwenyewe ambalo mfasiri wa ofisi ya pili hatalijua.

Tatizo hili si geni, ila uzito wake umeongezeka. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kila hatua ya namna hiyo huzaa nyaraka: kanuni, viwango, miongozo na vitabu vya kiada. Nyaraka hizo nyingi huanza kuandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kisha hufasiriwa. Hivyo basi, ubora wa sera ya lugha hupimwa pia na uwezo wa fundi, muuguzi na mwanafunzi kuelewa neno lililo mbele yake, mbali na maazimio yanayopitishwa.

Neno ‘stirrup’ limeteuliwa hapa kama kielelezo kwa sababu tatu. Kwanza, lina maana nyingi zinazotofautiana waziwazi. Pili, chimbuko lake ni utamaduni wa kupanda farasi, ambao haukuwa na mizizi mirefu katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Tatu, baadhi ya maana zake zinahusu moja kwa moja usalama wa watu.

2.0 Asili ya Neno na Kifaa Chenyewe

Katika Kiingereza cha Kale neno hili lilikuwa ‘stigrap’, muungano wa mzizi wenye maana ya kupanda na neno lenye maana ya kamba. Maana yake ya asili ni kamba ya kupandia. Kijerumani kilikuwa na neno la ukoo huohuo, ‘Stegreif’, ambalo leo limebaki katika msemo unaohusu kunena au kutenda papo hapo bila maandalizi, kama afanyavyo mtu asiyejisumbua kushuka juu ya farasi. Chuma kilipochukua nafasi ya kamba, jina la Kiingereza halikubadilika. Msemaji wa leo anapotaja ‘stirrup’ ya chuma hafikirii tena kamba wala kupanda. Muungano wa mwanzo umezama ndani ya neno.

Kifaa chenyewe hakikuzaliwa Uingereza. Sanamu ndogo iliyopatikana katika kaburi la Changsha nchini China, la mwaka 302, inaonesha farasi mwenye kifaa cha namna hii upande mmoja tu, ishara kwamba kilikuwa cha kumsaidia mtu kupanda. Katika nusu ya kwanza ya karne hiyohiyo ya 4 vinaonekana viwili, kimoja kila upande, vya kumtuliza mpandaji awapo safarini. Kutoka Asia kifaa kilienea kuelekea magharibi, na kwa kawaida Waavari ndio wanaohusishwa na kuingia kwake Ulaya kati ya mwisho wa karne ya 6 na karne ya 7. Warumi wa kale hawakuwa nacho, na kwa sababu hiyo Kilatini cha enzi zao hakikuwa na jina lake. Neno ‘stapes’, ambalo wanasayansi hulitumia leo, liliundwa katika Kilatini cha zama za baadaye.

Mwaka 1962 mwanahistoria Lynn White alichapisha kitabu kilichodai kwamba kifaa hiki kidogo kilimwezesha askari kupigana kwa mkuki akiwa juu ya farasi bila kuanguka, na kwamba gharama za kuwatunza askari wa aina hiyo ndizo zilizochangia kuzaliwa kwa umwinyi wa Ulaya. Wanahistoria wengine, hususan Sawyer na Hilton, walimpinga mapema, wakisema kwamba mfumo mzima wa jamii hauwezi kuelezwa kwa kifaa kimoja. Kwa mwanaisimu, mjadala huo una faida ya kando: unaonesha jinsi kifaa hicho kilivyokuwa karibu na maisha ya jamii zile. Kitu kilichoonekana kila siku ndicho kilichokuwa tayari kuazima jina lake kwa vitu vingine.

3.0 Njia Tatu za Kupanuka kwa Maana

Maana za ‘stirrup’ nje ya upandaji farasi zinaweza kupangwa katika makundi matatu, kutegemea ni sifa gani ya kifaa cha asili iliyobebwa na maana mpya.

3.1 Umbo

Kundi la kwanza linabeba umbo: upinde uliofungwa chini kwa kipande kilichonyooka, au kitanzi kinachokumbatia kitu. Mfano mashuhuri ni mfupa wa sikio la kati. Daktari Giovanni Filippo Ingrassia ndiye anayetajwa kuwa aliubaini mfupa huo mwaka 1546 alipokuwa akifundisha Naples. Una miguu miwili iliyopinda inayokutana kwenye bapa dogo, na kwa kuutazama tu mtu wa zama hizo angeona kifaa cha mpanda farasi.

Akiolojia inatoa mfano wa ajabu zaidi. Wataalamu hutumia neno ‘stirrup’ kueleza mitungi ya Wamoche wa Peru, ambayo mdomo wake hutokea juu ya mrija uliopinda kama upinde, na vilevile mitungi ya Ugiriki ya kale ya zama za Mykene. Wamoche hawakuwa na farasi. Mnyama huyo alifikishwa Peru na Wahispania katika karne ya 16. Wagiriki wa Mykene nao waliishi zaidi ya miaka 1000 kabla ya sanamu ya Changsha. Hivyo wafinyanzi wa mitungi hiyo yote hawakupata kukiona kifaa ambacho leo kimezipa kazi zao jina. Jina hilo linaeleza macho ya mwanaakiolojia wa Ulaya, na halisemi lolote kuhusu fikra za mfinyanzi.

Katika ujenzi, ‘stirrup’ ni chuma chembamba kinachokunjwa kuzunguka nondo za boriti. Hapa pia umbo ndilo lililoazimwa: chuma kilichopinda kinachopokea na kushika kilichomo ndani yake.

3.2 Kazi

Kundi la pili linabeba kazi, yaani kupokea mguu. Katika vitanda vya uchunguzi wa magonjwa ya wanawake na vya upasuaji, jina hilo hupewa viegemeo vinavyoinua na kushika miguu ya mgonjwa aliyelala chali. Baadhi ya viegemeo hivyo havifanani hata kidogo na vyuma vya farasi. Hushika goti au muundi wote. Umbo limepotea, kazi imebaki. Pampu ya mkono iliyotumika sana Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili kuzima moto wa mabomu nayo ilipata jina hilo kwa sababu ya bapa lake la nje ya ndoo, ambalo mtumiaji alilikanyaga ili pampu isiyumbe. Suruali zenye utepe unaopita chini ya wayo ziko katika kundi hilihili.

3.3 Desturi

Kundi la tatu ni dogo. Msemo ‘stirrup cup’ hutaja kinywaji alichopewa mgeni aliyekwisha kupanda farasi wake, miguu ikiwa tayari ndani ya vyuma, kabla ya kuondoka. Hapa hakuna umbo wala kazi iliyobebwa. Kilichobebwa ni wakati wa kuagana. Msemo huo hauwezi kufasiriwa kwa kutafuta jina la chuma. Kinachotakiwa ni kinywaji cha kuagana, na farasi anaweza kuachwa nje bila hasara, isipokuwa pale matini yenyewe inapomhitaji.

4.0 Kiswahili na Zana za Mpanda Mnyama

Ni kawaida kusikia kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo fulani kwa kuwa wenyeji wake hawakuwa nayo. Kauli hiyo inahitaji kusahihishwa. Kiswahili kina farasi, kina tandiko, kina lijamu na kina hatamu. Upungufu wa farasi katika maeneo mengi, ambao kwa kiasi fulani ulisababishwa na ugonjwa unaoenezwa na mbung’o, haukuzuia maneno hayo kuingia na kukaa.

Neno hatamu lilifika mbali zaidi. Limetoka kwa mnyama likaingia katika siasa: mtu hushika hatamu za uongozi, na kauli ya chama kushika hatamu ilienea nchini Tanzania katika zama za chama kimoja. Wengi walioitumia hawakuwahi kumpanda farasi. Hatamu ilipata nafasi hiyo kwa sababu dhana yake inajulikana hata pasipo farasi. Punda huongozwa kwa kamba, na ngamia vilevile, na mtu yeyote aliyewahi kumwona mnyama akivutwa anaelewa maana ya kushika au kuachia. Kifaa cha kuwekea mguu hakikuwa na msaidizi wa namna hiyo. Mpanda punda wa Lamu hukaa juu ya mnyama wake miguu ikining’inia. Hana haja ya chuma.

Mfano wa Kihausa unafaa kulinganishwa hapa. Katika jamii ya Wahausa, ambako farasi ni sehemu ya heshima ya watawala na ya sherehe, kifaa hiki kina jina lililozoeleka, ‘likkafa’, na jina hilo limeingia katika msemo unaotumika kwa mtu aliyepanda cheo. Lugha mbili za Kiafrika, zote zilizokutana na Kiarabu kwa karne nyingi, zimeteua zana tofauti za mpanda farasi kuwa taswira ya uongozi na cheo. Hakuna iliyopungukiwa, kila moja ilichukua kilichokuwa karibu na maisha yake.

Kiarabu chenyewe hukiita kifaa hiki ‘rikab’, kutoka mzizi wenye maana ya kupanda chombo au mnyama. Kutoka mzizi huohuo Kiswahili kilipata merikebu. Watu wa pwani waliokuwa wakisafiri zaidi kwa bahari kuliko kwa farasi walichukua jina la chombo kinachopandwa majini, na si la chuma kinachokanyagwa na mpandaji. Aidha, kitenzi panda katika Kiswahili hubeba kwa pamoja maana ya kukwea na ya kusafiri juu ya kitu: mtu hupanda mlima, hupanda farasi na hupanda basi. Kwa hiyo maelezo ya kamusi, cha kupandia, yamefika bila kukusudia palepale alipoanzia Mwingereza wa kale na kamba yake.

Kikuku, hata hivyo, kina maisha yake mengine. Kwa msemaji wa kawaida, kikuku kwanza ni pambo la mviringo linalovaliwa mkononi au mguuni. Katika miji mingi ya leo kikuku cha mguuni huzua hata mijadala ya kimaadili kuhusu anayekivaa. Maana hiyo ni hai, na ndiyo itakayomjia msomaji kabla ya ile ya farasi. Hilo halikifanyi kikuku kuwa kisawe kibaya cha kifaa cha farasi. Linaonesha tu kwamba hakiwezi kubebeshwa maana zote za ‘stirrup’ bila kuangalia uwanja wa matumizi.

5.0 Nyanja Tatu, Maamuzi Matatu

5.1 Mfupa wa sikio

Sikio la kati la binadamu lina mifupa mitatu midogo inayopokezana mitetemo ya sauti kutoka kwenye kiwambo hadi sikio la ndani. Kiingereza cha kawaida huiita kwa majina ya nyundo, fuawe na ‘stirrup’. Huu wa tatu ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini, wenye urefu wa takriban milimita 3. Bapa lake limekaa kwenye tundu la sikio la ndani, na likikakamaa kwa ugonjwa, mtu hupoteza uwezo wa kusikia hata kama kiwambo chake ni kizima.

Hapa kikuku kinafaa. Sababu ya kwanza ni kwamba maana inayobebwa ni ya umbo, na kikuku ni jina la umbo lililopinda. Pili, nyundo na fuawe ni vitu vya karakana ya mhunzi, na kikuku ni kazi ya mkono wa mhunzi au sonara; majina matatu yanakaa pamoja na kukumbukwa pamoja. Tatu, hakuna hatari ya kuchanganya pambo na mfupa katika somo la sikio. Lugha nyingi, zikiwemo Kiarabu, Kifaransa na Kijerumani, zimeutumia mfano wa kifaa cha farasi kwa mfupa huu, lakini mwanafunzi wa Kiswahili halazimiki kupitia kwa farasi ili kuuona upinde.

5.2 Chuma cha kufunga nondo

Katika ujenzi hali ni tofauti. Boriti ya zege inapobebeshwa mzigo, karibu na mahali inapoegemea hutokea nguvu inayoelekea kuikata kwa mshazari. Nondo zilizolala kwa urefu wa boriti hazitoshi kuizuia nguvu hiyo. Vyuma vinavyozizunguka ndivyo vinavyozishona pande mbili za ufa. Katika nguzo, vyuma vya aina hiyo huzizuia nondo zilizosimama zisipinde kuelekea nje. Namna ya kuvikunja ncha nayo ina uzito. Ncha iliyokunjwa kuelekea ndani ya kiini cha zege kwa nyuzi 135 hubaki imeshika wakati wa mtetemeko. Ile iliyokunjwa kwa nyuzi 90 tu inaweza kufunguka pindi zege la nje linapobanduka.

Kiingereza chenyewe hakina kauli moja kuhusu jina la chuma hiki. Wamarekani huzoea ‘stirrup’ kwa boriti na ‘tie’ kwa nguzo, ilhali Waingereza hutumia zaidi ‘link’. Kifaransa hutumia ‘étrier’, ambalo pia ni jina la kifaa cha farasi na la mfupa wa sikio. Fundi wa Tanzania, kwa upande wake, husema ringi. Huagiza ringi, hukunja ringi na huhesabu ringi. Neno hilo limetokana na Kiingereza, lakini halikutokana na ‘stirrup’. Mfasiri anayeanzia kwenye kidahizo cha ‘stirrup’ hatalifikia kamwe, kwa kuwa njia yake inapitia kamusini, wakati neno liko kiwandani na kwenye eneo la ujenzi.

Suala hili linagusa zaidi nchi zinazopakana katika Bonde la Ufa la magharibi. Tarehe 3 Februari 2008 mtetemeko wa ardhi uliua watu Bukavu nchini Kongo na ng’ambo ya mpaka nchini Rwanda. Tarehe 10 Septemba 2016 mtetemeko mwingine uliikumba Bukoba nchini Tanzania na kusikika pia Uganda. Haidaiwi hapa kwamba istilahi ingezuia maafa hayo. Jambo la hakika ni kwamba ardhi hiyo haijui mipaka ya lugha za kikoloni, na mafundi wanaovuka mpaka kutafuta kazi hubeba mazoea ya mafunzo yao: mmoja amejifunza kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiingereza, wa tatu kwa kumtazama fundi mkuu. Lugha wanayoweza kukutania ni Kiswahili. Maelekezo yanayosema kwamba ringi zisogezwe karibukaribu kwenye ncha za nguzo, na kwamba ncha za ringi zikunjwe kuelekea ndani, yanaweza kufuatwa na fundi aliyezoea neno hilo. Maelekezo hayohayo yakiandikwa kwa neno vikuku yatasomwa na mhariri tu.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba ringi ni neno la mitaani, tena lina maana nyingine, kama vile ringi ya gurudumu. Pingamizi la kwanza halina uzito mkubwa, kwa kuwa sementi pia iliingia kwa mlango huohuo na sasa inaishi pamoja na saruji bila ugomvi. La pili linatatuliwa kwa kuongeza kivumishi mara ya kwanza neno linapotajwa katika waraka: ringi ya nondo. Kwa wasomaji wa upande wa Kifaransa, waraka unaweza kuweka mchoro na fasili fupi. Mchoro mmoja unafaa kuliko visawe vitatu.

5.3 Kiegemeo cha mguu hospitalini

Katika huduma za uzazi, neno linalobebwa ni kazi, na hapo Kiswahili kina njia nyepesi: kiegemeo cha mguu, wingi viegemeo vya miguu. Mama anayeambiwa aweke miguu kwenye viegemeo ataviona na kuelewa. Akiambiwa aweke miguu kwenye vikuku, atalazimika kwanza kuliondoa pambo katika fikra zake, tena wakati ambapo anahitaji utulivu na staha kuliko wakati wowote mwingine.

Kuna jambo la ziada ambalo washauri wa sera hawana budi kulizingatia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu unashauri kwamba mwanamke asiyepewa dawa ya ganzi ya uti wa mgongo ahimizwe kuchagua mkao anaoutaka wakati wa kujifungua, ikiwemo mikao ya wima. Kamusi ikifasili kiegemeo hiki kuwa ni chombo cha kuwekea miguu ya mwanamke anapojifungua, itakuwa imegeuza mazoea ya baadhi ya hospitali kuwa maana ya neno. Fasili iliyo salama zaidi ni ile inayotaja kifaa na kazi yake, yaani sehemu ya kitanda inayoinua na kushika miguu wakati wa uchunguzi au tiba, bila kumlazimisha msomaji kuamini kwamba hakuna mkao mwingine. Fasili haijitengi na sera; mara nyingi ndiyo sera inayosomwa na watu wengi zaidi.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa kwa mabaraza ya lugha, kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa taasisi zinazoagiza tafsiri.

Kwanza, kazi ya istilahi ianze na orodha ya dhana katika uwanja husika, na isianze na orodha ya vidahizo vya Kiingereza. Anayeanza na dhana ya chuma kinachofunga nondo atagundua kwamba ‘stirrup’, ‘link’, ‘tie’ na ‘étrier’ vinakutana hapo, na kwamba Kiswahili kinahitaji istilahi moja kwa vyote.

Pili, kamusi za lugha mbili zitenganishe maana kwa uwanja. Kidahizo cha ‘stirrup’ kingeweza kupangwa hivi: katika upandaji farasi, kikuku cha kupandia; katika anatomia, kikuku cha sikio; katika ujenzi, ringi ya nondo; katika tiba, kiegemeo cha mguu; katika pampu, kikanyagio; katika akiolojia, maelezo ya umbo, kama vile mtungi wenye mrija wa upinde. Nafasi inayotumika ni mistari michache, na faida yake ni kubwa.

Tatu, maneno ya mafundi, wauguzi na wakunga yakusanywe kabla ya kubuniwa mapya. Ukusanyaji huo ufanyike katika nchi zaidi ya moja, hasa katika miji ya mipakani, ili istilahi inayopitishwa isiwe ya upande mmoja tu.

Nne, istilahi za usalama zijaribiwe kwa vitendo. Mtu apewe maelekezo yaliyoandikwa, kisha atazamwe anavyoyatekeleza. Akikosea kwa sababu ya neno, neno libadilishwe kabla waraka haujachapishwa. Kipimo hiki ni cha gharama ndogo, na kinampa mtumiaji sauti ambayo kwa kawaida kamati za istilahi haziisikii.

7.0 Hitimisho

Historia ya ‘stirrup’ ni historia ya neno lililosafiri mbali zaidi ya kitu chake. Lilianza kama kamba, likawa chuma, likaingia ndani ya sikio, likazunguka nondo, likapewa hata mitungi ya watu ambao hawakuwa na farasi. Kiingereza kilifanya hivyo kwa kuazima kutoka kwenye kitu ambacho jamii yake ilikiona kila siku. Kiswahili kina haki ya kufanya vivyo hivyo kutoka kwenye yanayoonekana kila siku na wasemaji wake: pambo la mviringo, ringi ya fundi, kitu cha kuegemeza mguu.

Kuyafuata maneno ya kigeni hatua kwa hatua hakuleti uaminifu katika tafsiri, kwa kuwa njia yaliyopitia si njia ya msomaji wa Kiswahili. Uaminifu unaotakiwa ni kwa dhana na kwa mtu atakayeitumia. Palipo na dhana moja, mataifa jirani yaafikiane juu ya istilahi moja. Palipo na dhana nyingi zilizofichwa chini ya neno moja la kigeni, zitenganishwe, ili fundi wa Bukavu na wa Bukoba wakunje chuma kwa namna moja, na mama aliyelala kitandani ajue anachoambiwa.